Mia na Ishirini

Gabrovo, mwezi wa pili, mto Yantra umeganda kingoni,
na mimi Momchil, fundi wa programu ndogondogo,
nimepewa kazi kwa simu:
kwaya ina wanawake kumi na wawili,
gari lina viti vitano vya abiria.
"Nitolee mipangilio yote," alisema Bi Stoyanka,
"nipate ya kuchagulia kila safari."

Mipangilio.
Nililipokea neno hilo kama mtu apokeavyo chenji
bila kuihesabu.

Usiku kucha mashine ilihema.
Kulipokucha, mistari elfu tisini na tano na arobaini.
Printa ya kwaya ilimaliza karatasi, ikaomba nyingine,
na simu ikalia: "Kijana, naona watu walewale watano,
tena na tena, wamebadilishana viti tu!"

Nikaenda kwa mwalimu wangu wa zamani, Tsvetana Dobreva,
anayeimba sauti ya chini katika kwaya hiyohiyo.
Alikuwa akikata banitsa, mvuke wa jibini ukimpanda miwani.
"Anayekaa dirishani," aliuliza, "ni jambo?"
"Si jambo."
"Sasa mpangilio wa nini?
Kwenye mpangilio, kubadilishana viti ni tukio jipya.
Kwenye seti, ni watu walewale wanaojinyoosha miguu.
Ulichotakiwa ni seti ndogo zenye memba watano.
Sema hivyo. Mdomo ukisema hivyo, mkono utaandika hivyo."

Watano hukalia viti vitano kwa njia mia na ishirini.
Nikagawanya.
Zikabaki mia saba tisini na mbili,
kurasa za kushikika kwa mkono mmoja.

"Ngoja," akasema, kisu kimesimama hewani.
"Vaska na Radka hawapandi gari moja."
Ni dada, toka nitoke.
Tangu wamzike mama yao hawasemezani,
sababu ni mjozi ulio mpakani mwa nyua zao:
jozi juu ya mti, jozi chini ya mti,
na ile jozi ya tatu imepasuka.

Nikaanza kuandika: bila Vaska na Radka.
Akanipiga kofi dogo la mkono, kama nina miaka kumi na mitatu.
"Hivyo umewaacha wote wawili barazani!
Nani atapaza sauti ya juu, wewe?
'Si wote wawili' ni sharti moja. 'Wala mmoja' ni jingine.
Na usiandike 'wamekosana'.
Mashine haijui kukosana.
Andika: hakuna seti yenye wote wawili."

Nikaandika. Nikahesabu zilizotoka:
wawili hao ndani, na watatu kutoka wale kumi.
Mia na ishirini.

Nikakagua tena, nikidhani nimerudia hesabu ya viti.
Sikurudia.
Namba ileile imekuja kwa mlango mwingine,
imevaa koti lilelile, na haimjui ile ya kwanza.
Nilitaka kusema ni ajabu.
Mwalimu akasema ni sadfa, na sadfa pia ni neno,
lisitumike penye uthibitisho.

Bi Stoyanka alipata mia sita sabini na mbili zake.
Zile nilizoondoa sikuzifuta.
Sijui kwa nini; labda ni uvivu.

Mwezi wa nne theluji imeisha, Radka akaja ofisini
kulipia nauli ya kwaya, akazungukazunguka, kisha:
"Eti zile ulizozitoa. Ngapi?"
"Mia na ishirini."
"Safari?"
"Si safari. Seti. Namna ambazo gari lingewachukua,
wewe na yeye na wengine watatu, bila kujali nani amekaa wapi."

Akalirudia polepole, kama mtu aonjaye chumvi:
bila kujali nani amekaa wapi.

Akaondoka na glavu moja.
Ya pili iko mezani kwangu hadi sasa.
Ni ya kushoto.